Visu, Kikaango na Kopo la Chakula cha Mbwa

Mdundo wa filamu ya The Terminator ulitoka jikoni. Mwaka 1984 mtunzi wa muziki Brad Fiedel alikuwa katika studio yake ya nyumbani, akitafuta mlio mmoja tu: chuma kugonga chuma, kwa uzito na bila huruma, mlio wa kumfuata mtu hata akifumba macho. Vinanda vyake vya umeme vilikuwa na sauti nyingi, lakini hiyo havikuwa nayo. Akachukua kikaango, akakisogeza karibu na kipaza sauti, akakigonga. Mamilioni ya watu wameusikia mlio ule na kusisimkwa na mwili, bila kujua kwamba umetoka kwenye chombo cha kukaangia mayai.

Mdundo wenyewe una hitilafu ndani yake. Fiedel alianzisha mitambo yake kwa mkono, na kipande alichotaka kijirudie kikawa kinakatika kabla ya wakati. Hesabu ya mapigo haikukaa sawa; ikatoka 13 kwa 16, hesabu ambayo hakuna anayeweza kuichezea. Akaisikiliza, akaona kwamba ule mkwaruzo ndio hasa anaoutaka, akauacha. Ndiyo maana muziki wa filamu hii humfanya mtu ahisi kuna kitu kinamfuata nyuma, kinachechemea, lakini hakichoki.

Anayeitazama filamu hii nyumbani Jumamosi usiku, huku sufuria zikioshwa chumba cha pili, yuko karibu na chimbuko la sauti hiyo kuliko walioitazama kwenye kumbi za Los Angeles. Filamu za roboti hutangazwa kwa fahari ya teknolojia: kompyuta, mitambo, mamilioni ya dola. Zikitazamwa kwa utulivu, rimoti mkononi, huonekana ni kitu kingine. Ni kazi za mikono. Ni udongo, plasta, unga, maji na jasho la watu ambao sura zao hazionekani.

Hata ndoto iliyoizaa filamu hii ilikuwa na vyombo vya jikoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 James Cameron, kijana wa Kanada, alikuwa Roma akishughulikia filamu ya samaki wala watu ambayo haikumpa sifa yoyote. Mfuko ulikuwa mtupu na homa ilikuwa juu. Usiku mmoja akaota kiwiliwili cha chuma kikijikokota kutoka kwenye moto, kikiwa kimeshika visu vya jikoni. Alipoamka akakichora.

Kutoka mchoro ule ikaandikwa hadithi: siku zijazo, mashine zimewashinda wanadamu karibu wote, zinamtuma muuaji wa chuma aliyevikwa nyama na ngozi arudi nyuma hadi mwaka 1984, amuue mhudumu wa mgahawa aitwaye Sarah Connor kabla hajamzaa mtoto atakayekuja kuongoza mapambano. Cameron alimuuzia mtayarishaji Gale Anne Hurd haki za hadithi hiyo kwa dola 1. Sharti lilikuwa moja: mwongozaji awe yeye mwenyewe na si mwingine. Bajeti iliyopatikana ilikuwa dola milioni 6.4, fedha za kubana matumizi kwa viwango vya Hollywood. Filamu iliingiza karibu dola milioni 78 duniani.

Arnold Schwarzenegger, mtunisha misuli kutoka Austria, hakuitwa kwa ajili ya roboti. Alikwenda kula chakula cha mchana na Cameron wakiwa wanafikiria ampe nafasi ya Kyle Reese, askari binadamu anayekuja kumlinda Sarah. Lakini mezani Arnold hakumzungumzia sana Reese. Alimzungumzia roboti: kwamba ashike silaha bila kuitazama, kwamba asipepese macho anapofyatua, kwamba kila anachokifanya kiwe bila ziada. Cameron akarudi akiwa amempata muuaji wake. Katika filamu nzima mtu huyo anatamka sentensi 17 hivi. Ile maarufu kuliko zote, ya kuahidi kwamba atarudi, nusura ibadilike, kwa sababu Arnold alitaka kuyatamka maneno yote kwa ukamilifu. Kiingereza cha kufupisha kilimpa tabu ulimini. Cameron akakataa, na dunia nzima ikapata msemo.

Mifupa ya chuma ilitengenezwa na Stan Winston pamoja na mafundi saba, kwa miezi sita. Walianza na udongo wa kufinyanga, wakaenda kwenye plasta iliyokazwa kwa vyuma, kisha vipande vikasuguliwa, vikapakwa rangi na kung'arishwa hadi vikawa kama kioo. Sehemu ya juu ya mwili ilibebwa na mtu mabegani, naye akatembea nayo huku kamera ikiishia kiunoni. Palipohitajika roboti mzima anayetembea, kilitumika kidoli kidogo kilichosogezwa nywele kwa nywele na kupigwa picha moja baada ya nyingine. Mwenye rimoti anaweza kulihakikisha hilo leo. Aende mwishoni, baada ya lori la mafuta kulipuka, mifupa inapotoka motoni ikichechemea. Asimamishe, asogeze mbele polepole. Ataona mwendo unavyorukaruka. Mkono wa fundi umo humo, hatua kwa hatua.

Neno roboti lenyewe lina zaidi ya miaka 100. Lilisikika jukwaani Prague tarehe 25 Januari 1921, katika tamthilia ya R.U.R. ya Karel Čapek. Aliyempa neno hilo ni kaka yake, mchoraji Josef Čapek, na alilitoa kwenye robota ya Kicheki: kazi ya lazima aliyotozwa mkulima kwenye shamba la bwana wake. Kiswahili kina neno lake kwa jambo hilo hilo, nalo ni shokoa. Wazee waliobebeshwa mizigo na kuchimbishwa barabara enzi za ukoloni walilijua neno hilo kwa migongo yao. Kama mfasiri wa zamani angeichukua tamthilia ya Čapek na kuifuata maana badala ya sauti, huenda leo watoto wangekuwa wanacheza na watu wa shokoa badala ya roboti. Na maana ingekuwa wazi zaidi: roboti wa Čapek hawakuwa vyuma hata kidogo, walikuwa viumbe wa kutengenezwa wenye umbo la binadamu, wafanyishwao kazi bila ujira, hadi siku waliyoasi.

Roboti wa kwanza wa kiwandani, Unimate, alipelekwa shokoa ya kweli. Mwaka 1961 aliwekwa katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, akapewa kazi ya kutoa vipande vya chuma vya moto kwenye mtambo wa kusubia, kazi iliyokuwa ikiwaunguza watu. Hakuwa na uso wala miguu. Alikuwa mkono mmoja mkubwa.

Wenye uso na miguu walikuja baadaye, na baadhi yao wanafahamika vizuri na Waswahili. Mwaka 2013 Kinshasa iliweka roboti kwenye njia panda, warefu kuliko mtu, wa alumini, wanaotumia umeme wa jua, wakigeuka na kuinua mikono kuongoza magari. Mhandisi wao ni Mkongomani, Thérèse Izay Kirongozi. Lubumbashi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya nyumbani, nayo ikapata wa kwake. Dereva wa huko aliyekua akitazama kanda za The Terminator alijikuta siku moja amesimamishwa na roboti barabarani, kwa mkono ulioinuliwa na taa nyekundu, ili mtoto wa shule avuke.

Kanda ndiyo njia iliyozileta filamu hizi Afrika Mashariki. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Kwa hiyo kwa miaka kumi ya kwanza ya The Terminator, mtu wa Bara hakuweza kuikuta kwenye kituo chochote cha nyumbani. Aliyekuwa na deki alikuwa na ndugu wengi. Sebule ilijaa, watoto wakakaa chini mbele, wakubwa kwenye makochi, waliochelewa wakachungulia dirishani. Asiyekuwa na ndugu mwenye deki alikwenda kibanda umiza, kwenye mabenchi ya mbao na joto la mabati, akalipa kiingilio chake na kutoka jasho likimchuruzika.

Humo ndimo ilimoota fani ya kutafsiri picha. Dar es Salaam ilimjua Derek Mukandala kwa jina la Lufufu, mtu aliyesimama na kipaza sauti ukumbini akaisimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili huku ikiendelea, na baadaye akawa anarekodi sauti yake kwenye kanda ambazo watu walizipeleka majumbani. Kenya ikampata DJ Afro, ambaye sauti yake inatambulika hata na asiyeiona picha. Hawa hawakuwa wafasiri wa neno kwa neno. Waliwapa wahusika majina ya mtaani, wakaeleza kinachokuja, wakamwonya stelingi asigeuke nyuma, wakamcheka adui. Wapo wanaoibeza kazi hiyo kwa kuwa inafunika sauti ya filamu, na ni kweli inafunika. Kazi nzuri mno ya mafundi wa sauti, itakayoelezwa hapa chini, inamezwa. Lakini bibi asiyejua Kiingereza aliicheka na kuililia filamu pamoja na wajukuu wake, sebule moja, saa moja. Hilo ni jambo kubwa, na bado halijapewa heshima yake.

Lugha ya vibanda hivyo ndiyo inayofaa kuielezea filamu ya pili, Terminator 2: Judgment Day, iliyotoka Marekani tarehe 3 Julai 1991. Kila mtoto aliyekua na kanda anajua kanuni: stelingi hafi. Anapigwa, anadondoka ghorofani, anazama mtoni, lakini hafi. Cameron aliishika kanuni hiyo akaivunja mara mbili.

Mara ya kwanza ni mwanzoni. Wanaume wawili wanafika kutoka siku zijazo. Mmoja ni Arnold, aliyekuwa adui katika filamu ya kwanza. Anaingia baa, anawapiga wenye pikipiki, anaondoka na nguo za ngozi. Mwingine ni kijana mwembamba, mpole wa sura, aliyevaa sare za polisi. Wote wanamtafuta mtoto John Connor, ambaye sasa ana miaka kumi. Kwa karibu nusu saa filamu haisemi nani amekuja kuua na nani amekuja kulinda. Kisha watatu hao wanakutana kwenye ujia wa duka kubwa. Arnold amebeba boksi la mawaridi. Maua yanadondoka, bunduki inatokea, mtoto amebanwa katikati. Sebuleni, hapo ndipo mtoto humvuta shati baba yake na kumuuliza: “Baba, huyu ni adui au stelingi?” Jibu linakuja risasi zinapopita juu ya kichwa cha John na kumpiga polisi kifuani.

Huko Marekani matangazo yalikuwa yameshaifichua siri hiyo kabla ya filamu kutoka. Aliyeazima kanda kwa jirani, bila kuona tangazo lolote, aliipata filamu kama mwongozaji alivyokusudia.

Mara ya pili ni mwishoni, na hapo ndipo wanaume wazima husingizia vumbi machoni. Stelingi anakufa, na anakufa kwa kuomba mwenyewe. Adui ameshayeyuka, mtoto yuko salama, lakini kichwani mwa roboti mwema kimebaki kifaa ambacho wanadamu wakikipata wataunda upya mashine zilezile. Hawezi kujiua, hakuundwa hivyo. Anamwomba Sarah Connor, yule yule aliyemkimbia miaka yote, abonyeze kitufe cha winchi. Sarah anabonyeza. Roboti anashuka polepole kwenye chuma kilichoyeyuka mbele ya mtoto anayelia.

Hakuna kifo cha mashine kilichowahi kuigizwa vizuri kuliko hicho, na kinafanya kazi kwa sababu filamu imetumia saa mbili nzima kumwonyesha mtoto asiye na baba akimfundisha roboti kusema, kucheka na kutoua watu. Mlipuko peke yake haumlizi mtu.

Adui wa filamu hiyo, T-1000, ni wa chuma kinachotiririka kama zebaki. Anageuza mkono kuwa upanga, anaiga sura ya yeyote aliyemgusa, anapita mahali panapopita maji. Kazi ya kompyuta ilifanywa na kampuni ya Industrial Light & Magic chini ya Dennis Muren, na ilikuwa ya kustaajabisha kwa wakati wake. Lakini katika filamu ya dakika 137, picha za kompyuta hazizidi sana dakika 5. Kinachobaki ni mwigizaji Robert Patrick, mafundi wa Stan Winston na ujanja wa zamani wa jukwaani.

Patrick alijizoeza kukimbia kwa kasi akipumua kwa pua tu, mdomo umefungwa, ili aonekane hachoki. Alizoea kiasi kwamba katika mazoezi alimfikia mtoto Edward Furlong aliyekuwa juu ya pikipiki, wakalazimika kupanga upya. Alijifundisha pia kufyatua risasi bila kupepesa. Yale matundu yanayofunguka kifuani mwake kama maua ya fedha hayakutoka kwenye kompyuta; yalikuwa vipande vya mpira vilivyong'arishwa, vimefichwa chini ya sare, vinafyatuka vinapohitajika.

Pale T-1000 anapojigeuza mtu mwingine na wote wawili wakaonekana pamoja, Cameron alitafuta mapacha. Mlinzi wa hospitali anayekutana na nafsi yake mbele ya mashine ya kahawa ni Don na Dan Stanton. Sarah Connor wawili, wa kweli na wa uongo, katika matukio ya kiwandani, ni mwigizaji Linda Hamilton na pacha wake wa kuzaliwa, Leslie Hamilton. Leslie alitumika tena katika tukio moja ambalo halikuonekana kwenye kumbi za sinema mwaka 1991: Sarah anampasua roboti kichwa mbele ya kioo ili amtoe kifaa. Hapakuwa na kioo. Ulikuwa ukuta wenye uwazi. Upande huu Leslie akipasua kichwa cha sanamu, upande wa pili Linda akifuatisha kila mwendo wa pacha wake, nyuma ya Arnold halisi. Tukio hilo lilirudishwa katika toleo refu la mwaka 1993, lililotolewa kwenye diski za laser. Walioliona kwanza ni watu waliokaa majumbani mwao.

Halafu kuna tukio la vyuma.

T-1000 anakuja kwenye korido ya hospitali ya wagonjwa wa akili. Lango la nondo limefungwa. Hasimami. Uso wake unagusa nondo, unagawanyika, nondo zinapita ndani ya paji la uso, mashavuni, kifuani, naye anatokea upande wa pili akiwa mzima. Kisha linatokea jambo dogo ambalo ndilo linaloifanya akili ikubali kilichoonekana: bastola mkononi mwake inagonga nondo na kukwama, kwa kuwa bastola ni chuma cha kawaida. Anaitazama, anaigeuza upande, anaipitisha. Bila mgongano huo mdogo, tukio zima lingekuwa kiini macho.

Sauti ya mwili ule ukipita kwenye nondo ilitengenezwa na Gary Rydstrom. Kampuni ya picha ilikuwa na kompyuta za thamani kubwa. Yeye alikuwa na kopo la chakula cha mbwa. Alilifungua, akaliinamisha, akarekodi kile chakula kizito kikiteleza taratibu kutoka ndani ya kopo. Kwa mwili unaojigeuza alifunika kipaza sauti kwa mpira, akakizamisha kwenye mchanganyiko wa unga na maji, akapuliza hewa. Kwa risasi zinazomwingia T-1000 aligeuza glasi juu chini na kuitumbukiza kwa nguvu kwenye ndoo ya mtindi. Unga, maji, mtindi. Mama yeyote angeweza kumpangia vifaa hivyo kwenye sinia.

Mwaka 1992 filamu hiyo ilichukua tuzo nne za Oscar: sauti, uhariri wa milio, vipodozi na picha za ajabu. Mbili kati ya hizo ni za masikio. Kwa sababu hiyo, anayeitazama nyumbani asiidharau sauti. Spika za runinga nyembamba za siku hizi ni dhaifu, zimegeukia ukutani, na kopo la Rydstrom halisikiki humo. Si lazima kununua sabufa ya kutikisa nyumba ya jirani. Hata spika ndogo mbili zilizowekwa mbele ya watazamaji zinatosha. Jambo la pili ni picha. Runinga nyingi mpya hutoka dukani zikiwa zimewekwa kuongeza picha za katikati ili mwendo uwe laini, jambo zuri kwa mpira na baya kwa filamu iliyopigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Filamu inaonekana kama tamthilia ya bei rahisi. Desemba 2018 mwigizaji Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walirekodi ujumbe wa video kuwasihi watu wauzime mpangilio huo. Unapatikana kwenye menyu ya picha, na kuuzima hakuchukui dakika moja.

Jambo la tatu ni watoto. Marekani filamu hii iliwekewa alama ya R: aliye chini ya miaka 17 haingii ukumbini bila mtu mzima. Nyumbani hakuna mlinzi mlangoni isipokuwa mzazi. Kuna ndoto ya Sarah ya bomu la nyuklia, anapouona uwanja wa watoto ukiteketea, ambayo hata mkubwa humkaa kifuani. Mtoto wa miaka sita hana sababu ya kuiona. Wa miaka kumi na nne aliyekaa na wazazi wake anaweza kuuliza maswali ya maana: nani aliziunda mashine hizi, na kwa nini wenye akili wote wale walidhani hawatendi kosa? Filamu inalo jibu la haki kwa swali hilo. Miles Dyson, mhandisi anayekaribia kuunda akili ya mashine, si mwovu. Ni baba wa familia anayependa kazi yake kupita kiasi, na anapoelezwa matokeo anakubali kuichoma kazi ya maisha yake yote.

Kiwanda ambamo hadithi inamalizikia kina historia yake. Kilikuwa kiwanda cha chuma cha Kaiser, mji wa Fontana, California, na Cameron alipofika kilikuwa kimeshafungwa. Maelfu waliokifanyia kazi walikuwa wamekwenda nyumbani. Tanuri zilikuwa baridi. Mpiga picha Adam Greenberg ndiye aliyezirudishia moto kwa taa za rangi ya machungwa, kwa ustadi kiasi kwamba baadhi ya wafanyakazi wa zamani walidhani kiwanda kimefunguliwa tena. Baadaye sehemu ya mitambo yake iling'olewa na kuuzwa China. Mtazamaji anapomwona roboti akishuka kwenye ule mto mwekundu, anatazama mahali pa kazi ambapo binadamu walishatoka.

Filamu ilipanga siku ya maangamizi iwe tarehe 29 Agosti 1997. Siku hiyo ilipita. Maktaba ya Bunge la Marekani imeziweka filamu zote mbili kwenye orodha ya kazi za kuhifadhiwa kwa vizazi, ya kwanza mwaka 2008 na ya pili mwaka 2023.

Kwa hiyo, msomaji, Jumamosi ijayo ukiiweka Terminator 2 sebuleni, umeme ukakubali na wageni wakatulia, usiibonyeze rimoti mara tu stelingi anapozama. Wanaokimbilia chakula wakimbilie. Kaa usome majina yanayopanda kwenye kioo, kwa kuwa hayo ndiyo mikono iliyoifanya kazi. Rydstrom yumo, na Winston yumo. Na ukisubiri utamkuta Leslie Hamilton Gearren, ameandikwa kuwa pacha wa Sarah.